Kabla ya Kuuza Ngamia: Picha za Saratani ya Kongosho

(Maneno haya yalisemwa na mhudumu wa idara ya picha za hospitali mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Banissa. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Pale alipochora ubaoni tumejaribu kueleza kwa maneno.)

Najua mmekaa na mahesabu ya kikundi tangu asubuhi na watu wamechoka, kwa hivyo nitajaribu kuwa mfupi. Nikizidi, mama mmoja akohoe, nitaelewa.

Nimeombwa niseme juu ya ugonjwa ambao hapa kwetu wengi hawajui jina lake, ingawa wameuona. Ni saratani ya kongosho. Na hasa nimeombwa nieleze jambo moja ndani ya ugonjwa huo: mgonjwa akishaambiwa ana uvimbe kwenye kongosho, ni picha gani itakayoonyesha kama uvimbe umeshika mishipa mikubwa ya damu au bado. Mtasema, hayo si ni mambo ya madaktari? Ndiyo, lakini pesa ni zenu. Anayeuza ngamia ni nyinyi, na anayezunguka na daftari la mchango ni huyu mweka hazina aliyekaa hapa. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mgonjwa apelekwe Nairobi kupasuliwa au la. Kwa hivyo ni jambo lenu.

Nianze na kisa. Sitataja jina la mtu wala hospitali. Mzee mmoja wa huku kwetu kaskazini alianza kupungua mwili. Chakula hakitaki, mgongo unamuuma usiku, anaona afadhali akikaa ameinama mbele. Baadaye macho yakawa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikawa cheupe kama udongo, na mwili ukamwasha mpaka akajikuna damu. Alipewa dawa za malaria. Akapewa dawa za ini. Akachomwa tumboni kwa moto, kama desturi yetu mnavyoijua. Miezi ikapita. Mwishowe jamaa wakampeleka hospitali yenye mashine ya CT, picha ikapigwa, na karatasi ikaandikwa: uvimbe kwenye kichwa cha kongosho. Basi. Vijana waliposoma neno uvimbe wakasema, uvimbe hukatwa. Wakauza ngamia wanane, na kikundi chao kikatoa pesa zilizokuwa zimewekwa za tangi la maji. Nairobi daktari alimpasua mzee, akatazama, akakuta ule uvimbe umeukumbatia mshipa wa ateri pande zote. Hakuweza kuutoa. Akamfunga. Mzee alikaa na kidonda cha upasuaji wiki zilizobaki za maisha yake, katika chumba cha kupanga Eastleigh, mbali na watoto wake wadogo na mifugo yake.

Kisa hiki nitakirudia, kwa sababu kina sehemu ambayo bado sijaisema.

Haya. Kongosho ni nini? Mkichinja mbuzi mnakiona, ila hamkiiti jina. Ni kile kipande cha nyama laini chenye vinundu vinundu, kilichojificha nyuma ya tumbo. Kwa binadamu kina urefu wa karibu sentimita 15. Kimelala kwa upana, mbele kabisa ya uti wa mgongo. Kichwa chake kimekaa upande wa kulia, kimezungukwa na utumbo wa mwanzo kama mtoto aliyepakatwa, na mkia wake unafika kwenye bandama. Kazi yake ni mbili: kutoa maji ya kusaga chakula, hasa mafuta, na kutoa insulini inayotunza sukari ya damu. Mrija wa nyongo kutoka kwenye ini hupita ndani ya kile kichwa. Ndiyo maana uvimbe wa hapo huufinya mrija, nyongo hukosa njia, na macho hugeuka njano. Uvimbe wa mkiani haufinyi kitu, kwa hivyo hukaa kimya mpaka umekuwa mkubwa.

Macho ya njano yana sababu nyingi, jamani. Kuna homa ya ini, kuna vijiwe vya nyongo, kuna malaria kali. Sitaki mtu atoke hapa akisema jirani yake ana saratani kwa sababu ameona macho. Lakini mtu wa makamo au mzee ambaye macho yamekuwa njano bila maumivu makali, choo kimekuwa cheupe, na anakonda, huyo asikae nyumbani wiki nyingi akibadilishiwa vidonge. Vilevile yule aliyepata kisukari ghafla uzeeni huku anakonda bila sababu.

Sasa mishipa. Tatizo la kongosho ni jirani zake. Nyuma ya shingo yake hukutana mishipa ya vena inayokusanya damu kutoka matumbo na bandama, inaungana kuwa mshipa mmoja mkubwa, kama unene wa kidole kidogo, unaopeleka damu kwenye ini. Ubavuni mwa huo hushuka ateri moja, unene wake karibu na wa penseli, ambayo ndiyo inayolisha utumbo karibu wote. Juu kidogo iko ateri nyingine inayolisha tumbo, ini na bandama. Vitu vyote hivi vimebanana mahali ambapo kiganja cha mtoto kinaweza kufunika.

Nyinyi mnajua mathenge. Mnajua mzizi wake ukifika kwenye bomba la kisima. Kama mzizi umegusa bomba upande mmoja tu, fundi anauchonga anauondoa. Kama umezunguka bomba lote, akivuta mzizi anavuta na bomba. Saratani hii ni hivyo hivyo. Na bomba lenyewe si la aina moja. Vena, daktari hodari anaweza kukata kipande chake pamoja na uvimbe akaunganisha tena au akaweka kiraka. Ateri ile ya utumbo ni hatari sana. Ukiiharibu, utumbo unakufa na mtu anakufa. Kwa hivyo daktari wa upasuaji anauliza mambo mawili: umeshika bomba gani, na umezunguka kiasi gani?

Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, wakiongozwa na Daktari Lu, waliandika njia rahisi ya kupima jambo hili kwenye picha ya CT. Waligawa mzunguko wa mshipa kwa robo. Uvimbe haujagusa, umegusa chini ya robo, robo mpaka nusu, nusu mpaka robo tatu, au zaidi ya hapo. Wakaona kwamba ukishapita nusu ya mzunguko, mara nyingi sana hautoki. Kipimo hicho cha nusu kimebaki mpaka leo katika miongozo ya madaktari, kikiwa kimeongezewa mambo. Kwa maneno mepesi ni hivi. Uvimbe usiogusa ateri yoyote, na ambao kama umegusa vena haujapita nusu wala haujaikunja, huo kwa kawaida unaweza kutolewa. Uliogusa ateri ya utumbo lakini haujapita nusu, huo uko mpakani, na madaktari wengi huanza na dawa za saratani kwanza kisha wanatazama tena. Uliopita nusu ya ateri hiyo, kupasua kwa haraka ni kumtesa mgonjwa.

Na mjue hesabu ilivyo, msije mkasema niliwaficha. Katika watu 100 wanaogunduliwa ugonjwa huu, duniani kote, ni kama 15 mpaka 20 tu ambao uvimbe wao unaweza kutolewa siku ile wanapogunduliwa. Waliobaki, ama umeshika mishipa, ama umeshasambaa kwenye ini na mahali pengine. Kwa hivyo hao 15 au 20 tusiwapoteze kwa kuchelewa, na hao wengine tusiwapasue bure.

Sasa nije kwenye picha zenyewe, maana hapo ndipo kazi yangu ilipo.

Ya kwanza ni altrasaundi, ile ya kupakwa mafuta tumboni, mama wajawazito wote wanaijua. Ni ya bei ndogo, haina mionzi, na inapatikana karibu. Kwa mgonjwa wa macho ya njano ni mwanzo mzuri sana. Itaonyesha kama mirija ya nyongo imevimba, kama kuna vijiwe, kama ini lina madoa. Lakini hewa iliyo matumboni huzuia sauti isipite, na kongosho liko nyuma ya tumbo na utumbo, yaani nyuma ya hewa. Mara nyingi naona kichwa na sioni mkia, au sioni chochote. Kuna altrasaundi yenye rangi inayoonyesha damu ikikimbia ndani ya mshipa, nayo inasaidia, lakini kuamua upasuaji wa namna hii kwa altrasaundi ya tumboni peke yake, hapana. Karatasi ikiandikwa "kongosho halikuonekana vizuri," hiyo haina maana kwamba kongosho ni zima. Wengi hukosea hapo.

Ya pili ni CT. Hii ni mashine ya duara inayopiga eksirei ikizunguka mwili, halafu kompyuta inaupanga mwili kama mkate wa slesi, tunatazama slesi moja moja. Mmoja wa waliobuni hesabu zake ni mtu wa bara letu, Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg, na alianza kulifikiria jambo hili mwaka 1956 akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur huko Cape Town. Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeiunda mashine, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979. Siku hizi hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina CT. Lakini pigeni simu kwanza muulize kama inafanya kazi wiki hiyo. Nasema hivyo kwa sababu nafanya kazi humo ndani.

Kwa swali letu la mishipa, CT ndiyo picha ya kuanza nayo duniani kote. Ila si CT yoyote tu. Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo ngamia wale wanane walipopotelea.

CT bila dawa ya mishipa inaonyesha nyama zote kwa rangi moja ya kijivu. Uvimbe ni kijivu, mshipa ni kijivu, kongosho ni kijivu. Huwezi kujua mzizi umeishia wapi na bomba limeanzia wapi. Kwa hivyo mgonjwa huchomwa sindano mkononi, na dawa yenye ayodini inasukumwa kwa kasi kwa kifaa maalumu ili mishipa ing'ae. Kisha tunapiga picha mara mbili. Mkiwasha pampu ya kisima, maji hupita kwanza bomba kubwa kwenda kwenye birika, ndiyo baadaye hurudi kwa mifereji. Damu nayo hivyo. Kama sekunde 40 mpaka 45 baada ya sindano, ateri zinang'aa na kongosho lenyewe limelowa dawa, uvimbe unabaki mweusi mweusi kwa sababu haunywi dawa vizuri. Hapo tunaona mpaka wa uvimbe na ateri. Kama sekunde 70, dawa imefika kwenye vena na ini, tunaona ule mshipa mkubwa wa ini na madoa kama yapo. Ukikosa wakati, umekosa picha. Na slesi ziwe nyembamba, milimita moja hivi. Ukikata slesi za milimita tano, mshipa wa unene wa penseli utaupitia juu juu.

Sasa ile sehemu ya kisa niliyoiacha. Aliyepiga picha ya yule mzee ni mimi. Kifaa cha kusukuma dawa kilikuwa kimeharibika wiki ile. Jamaa walikuwa wamesafiri siku mbili, mzee amechoka, nikasema afadhali picha kuliko kukosa picha. Nikapiga bila dawa. Sikuwaambia kwamba picha hii haiwezi kujibu swali la mishipa. Nilidhani Nairobi watarudia. Hawakurudia, pengine kwa sababu jamaa walionyesha kwamba CT wanayo tayari. Nimeitazama tena ile picha mara nyingi. Haina kosa, ila haikupigwa kwa ajili ya swali lililokuwapo.

(Hapa palikuwa na kimya kidogo. Mzee mmoja alisema, "Endelea mwanangu.")

Asante, mzee. CT nzuri ina nguvu na ina upungufu. Ikisema uvimbe umeizunguka ateri na hautoki, kwa kawaida ni kweli, mwaminini. Ikisema unatoka, mara nyingine daktari anafungua na kukuta mbegu ndogo ndogo kwenye ngozi ya ini au kwenye utando wa tumbo, ndogo kuliko punje ya mtama, ambazo picha haikuziona. Ndiyo maana mahali pengine huingiza kwanza kamera kwa tundu dogo la tumboni kabla ya kupasua kwa upana. Na kama mgonjwa ameshatibiwa kwa dawa za saratani au mionzi, CT huona shida kutofautisha kovu na uvimbe ulio hai. Hapo hata wasomaji hodari hubishana.

Ya tatu ni MRI. Haina eksirei, inatumia sumaku kubwa. Kwa mishipa, inakaribiana na CT nzuri, hakuna tofauti kubwa ya kumfanya mtu auze mnyama wa ziada. Inapoishinda CT ni kwenye madoa madogo ya ini na kwenye mirija ya nyongo. Inafaa pia kwa mtu ambaye dawa ya ayodini inamdhuru. Lakini inachukua muda mrefu, mgonjwa lazima abane pumzi na kutulia, na mwenye chuma fulani mwilini haruhusiwi. Msiambiwe "MRI ni kubwa kuliko CT" mkafikiri ni kama lori na pikipiki.

Ya nne ni altrasaundi ya ndani. Mgonjwa anapewa dawa ya usingizi, anameza mpira wenye kamera na altrasaundi kwenye ncha yake, unafika tumboni, na kutoka hapo kongosho liko upande wa pili wa ukuta tu. Hewa haizuii tena. Inaona uvimbe mdogo wa chini ya sentimita mbili ambao CT inaweza kuukosa, inaona vizuri ule mshipa mkubwa wa vena, na daktari anaweza kupitisha sindano akachukua chembe za kupimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walioitumia kwanza waliisifu sana kwa swali la mishipa, wakaona inaishinda CT. Halafu mwishoni mwa miaka hiyo zikaja CT za safu nyingi, zenye slesi nyembamba na kasi, na ule ubora ukapungua. Ateri ya utumbo haionekani nayo vizuri kama vena. Na inategemea sana mkono wa mwenye kuishika. Afrika Mashariki bado ni chache mno. Kwa hivyo mimi naiona kama msaidizi: CT ikiacha shaka, au ikihitajika sindano ya kupima kabla ya kuanza dawa, ndipo iitwe.

Iko nyingine inaitwa PET. Nairobi ipo, Aga Khan walianza mwaka 2018, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nao wanayo. Inaonyesha mahali saratani inapokula sukari mwilini, inasaidia kutafuta iliposambaa. Kwa mpaka wa uvimbe na mshipa haina macho makali. Msikimbilie jina.

Zamani, miaka ya 1970 na 1980, walikuwa wakipitisha mpira mwembamba kutoka kwenye paja mpaka kwenye ateri, wakamimina dawa na kupiga eksirei. Ilionyesha maji ndani ya bomba tu. Mzizi ulioshika kwa nje bila kulibana haukuonekana. CT ikachukua nafasi yake kwa kazi hii.

Sasa mambo mawili ya wakati, na haya naomba myaandike.

Moja, CT ya mishipa ipigwe kabla ya kuwekwa kile kimrija cha kufungulia nyongo. Mgonjwa wa njano wengi huwekewa kimrija cha plastiki au cha chuma ili nyongo ipite. Ni kitu kizuri, kinaondoa mwasho na njano. Lakini baada ya kukiweka, kongosho huweza kuvimba kwa muda, na kimrija cenyewe cha chuma hutia mng'ao kwenye picha, tukawa hatuoni mpaka. Kama hali si ya dharura, muulize daktari kwa adabu: "Daktari, picha ya mishipa tayari?" Mgonjwa mwenye homa na kutetemeka pamoja na njano, huyo ni dharura, msibishane na mtu, afunguliwe nyongo.

Pili, picha ina umri. Miongozo inataka CT iwe ya ndani ya wiki nne kabla ya upasuaji. Sasa fikirieni maisha yetu. Mgonjwa anapigwa picha, jamaa wanarudi Banissa, wanasubiri siku ya soko, bei ya ngamia imeshuka, wanasubiri mvua, harambee inapangwa, miezi miwili imekwisha. Mkirudi na ile picha, uvimbe umeshatembea. Picha ya zamani ni kama kuangalia kisima cha mwaka jana ukahamisha ng'ombe. Kwa hivyo mpango wa pesa uanze kabla ya picha, si baada yake. Sisemi muuze kabla. Nasema kamati ikae, ijue nani atatoa nini ikiwa jibu ni "inatoka," na ijue nini kitafanywa ikiwa jibu ni "haitoki."

Juu ya bima: tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena, iko SHA. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Kikundi chenu kinaweza kuhakikisha kila mwanachama amelipa kabla hajaugua, maana ugonjwa ukishaingia hakuna wakati wa kuhangaika na usajili. Muulize hospitali mapema kama idhini ya bima inahitajika kabla ya picha.

Maswali? Ndiyo, mama.

(Mama mmoja wa kikundi cha maziwa aliuliza: "Ikiwa picha inasema haitoki, basi tumpeleke nyumbani tungoje?")

Hapana mama, na umeuliza vizuri. Haitoki maana yake kisu hakifai. Njano hufunguliwa kwa kile kimrija. Maumivu ya mgongo yana dawa, mofini ipo na si dawa ya kulevya ukipewa na daktari kwa kipimo. Mtu asiyesaga mafuta hupewa vimeng'enya vya kumeza na chakula. Dawa za saratani huweza kumwongezea miezi, na Garissa sasa kuna kituo cha saratani kwenye hospitali ya rufaa, kwa hivyo si kila kitu ni Nairobi. Wachache waliokuwa mpakani hupata nafuu kiasi cha kupasuliwa baadaye. Na hata waliopasuliwa vizuri, wengi ugonjwa huwarudia, sitawadanganya. Lakini wale ngamia wanane wangebaki, na yule mzee angekuwa kwake, analala bila maumivu, watoto wanamwona.

(Kijana aliuliza kama sindano ya CT ni hatari.)

Kwa wengi si hatari. Mwili hupata joto, mtu huhisi kama amejikojolea, hajajikojolea. Lakini semeni kama mgonjwa ana ugonjwa wa figo, ana pumu, aliwahi kudhurika na sindano kama hiyo, ana mimba, au anakunywa metofomini ya kisukari. Damu ya figo ipimwe kwanza. Ifanyeni hapa hapa kabla ya safari, ili asirudishwe mlangoni.

(Mweka hazina aliuliza: "Tukiwa na pesa ya picha moja tu, tulipe ipi?")

Altrasaundi ya tumboni ifanyike karibu, hiyo haitawamaliza. Ikionyesha mirija imevimba au kitu kwenye kongosho, pesa ya picha moja iende kwenye CT yenye dawa, ya mara mbili, slesi nyembamba. Msilipe CT bila dawa kwa ajili ya jambo hili. Mkifika mkaambiwa kifaa cha dawa kimeharibika, ulizeni kitatengenezwa lini au hospitali gani iliyo karibu inacho. Nami mkinikuta mimi mlangoni, niulizeni hivyo hivyo. Na mkitoka, dai picha zote kwenye CD, si karatasi peke yake. Karatasi ni maneno ya mtu mmoja. Daktari wa upasuaji anataka kutazama mwenyewe, na akiwa na CD kamili pengine hatawarudisha kulipa tena. Huyo daktari naye ulizeni kama upasuaji huu anaufanya mara kwa mara. Kwenye hospitali zinazoufanya sana, wanaokufa kwa sababu ya upasuaji wenyewe ni wachache. Kwenye zinazoufanya mara moja moja, ni wengi zaidi. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa.

Mweka hazina, una kalamu? Basi andika maneno haya kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, ili atakayesindikiza mgonjwa ayanakili na kumpa anayeandika barua ya rufaa. "Tunaomba CT ya kongosho yenye dawa ya mishipa, wakati wa ateri na wakati wa vena, slesi nyembamba, kabla ya kimrija cha nyongo. Tunaomba msomaji aandike: uvimbe umegusa ateri ya utumbo au la, umegusa mshipa mkubwa wa ini au la, umezunguka chini ya nusu au zaidi ya nusu, na ini lina madoa au halina." Chini yake acha nafasi ya tarehe ya picha, na nafasi ya pili ya tarehe wiki nne zitakapokwisha.